Bei ya Neno "Rudi"

Hotuba kwa madiwani na wasimamizi wa huduma za afya wa halmashauri za Mkoa wa Njombe

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, waganga wakuu wa halmashauri, waganga wafawidhi, wauguzi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii: kamwene.

Mada mliyotupa ni pana, "hali ya maisha na saratani". Tukiibeba yote tutazunguka hadi jioni bila kufika. Saratani ni jina la magonjwa zaidi ya 100, na kila moja lina tabia zake. Tutashika moja tu, saratani ya mlango wa kizazi, na tutaishika hapa hapa Njombe. Hii ndiyo inayowaua wanawake wengi nchini kuliko saratani nyingine yoyote, na ndiyo ambayo sayansi imeshajibu karibu kila swali lake. Kisababishi kinajulikana, ni kirusi cha HPV. Chanjo ipo. Mabadiliko ya awali kwenye mlango wa kizazi kwa kawaida hukaa miaka 10 hadi 20 kabla ya kugeuka saratani, na yakionekana wakati huo huondolewa kwa dakika chache, bila kisu na bila kulazwa. Kwa hiyo mwanamke akifa kwa ugonjwa huu, unaweza kurudi nyuma hatua kwa hatua ukaonyesha kwa kidole alipopotezwa.

Kwanza tuone ukubwa wa pengo lenyewe. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliipa Tanzania wagonjwa wapya 10,241 wa saratani hii na vifo 6,525. Marekani, yenye watu zaidi ya mara 5 yetu, hupata kwa mwaka wagonjwa wapya 13,000 na ushei na vifo 4,000 na ushei. Huko, kwa kila wagonjwa 10 wapya vinahesabiwa vifo 3. Hapa vinahesabiwa zaidi ya 6. Kirusi ni kile kile: aina ya 16 na ya 18 ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani hii, Mississippi na Makete pia. Dawa inayotumika sana, sisiplatini, ni ile ile. Tofauti inaanza kwenye hatua ambayo ugonjwa unakutwa. Kwa takwimu za Marekani, ukikutwa bado uko mlangoni pa kizazi, wanawake 91 kati ya 100 wanakuwa hai baada ya miaka 5. Ukikutwa umeshasambaa mbali, hawafiki 20.

Tumezoea kusema "wanachelewa kuja". Sentensi hiyo ina kasoro, maana inamfanya mgonjwa ndiye mwenye kosa. Ukifungua mafaili utakuta wengi walikuja, tena mapema. Walikuja wakaambiwa "rudi". Rudi Jumatano ndiyo siku ya uchunguzi. Rudi gesi ikifika. Rudi na majibu. Rudi na barua ya mtendaji. Kwa mke wa mtumishi anayekaa Njombe mjini, "rudi" ni bodaboda ya dakika 10. Kwa mwanamke wa kijiji cha mwambao wa Ziwa Nyasa, kule Ludewa, ni mtumbwi, kisha gari la kupanda milima, kisha kulala kwa watu, na siku 2 bila jembe. Neno ni moja, bei ni mbili. Leo tutafuata neno hilo linakotamkwa.

Linaanzia zahanati. Dalili za kwanza ni damu baada ya kujamiiana, damu kwa mama aliyekwisha kukoma hedhi, au uchafu wenye harufu. Mwanamke anasema "uchafu unanitoka", naye mtoa huduma, mwenye foleni ya watu 40 mlangoni, anaandika flajili na doksisaiklini. Si kosa kwa mara ya kwanza. Ndivyo mwongozo wa magonjwa ya zinaa unavyomruhusu. Kosa ni mara ya pili na ya tatu, dawa zile zile, bila mtu kumlaza mama kitandani na kumtazama kwa spekula, kile kifaa cha kufungulia uke ili mlango wa kizazi uonekane. Tumeona kadi zenye matibabu ya "fangasi" mara 4 kwa mwaka mmoja, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba mlango wa kizazi ulionekana kwa macho.

Kwa nini hawatazami? Uvivu mtauacha pembeni, hesabuni vyombo. Spekula ya chuma ikishatumika huloweshwa kwenye klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10, ikasafishwa kwa brashi na sabuni, ikasuuzwa, ndipo ichemshwe dakika 20 au iingizwe kwenye otoklevu, mashine ya mvuke, ya nyuzi 121. Ukijumlisha kupasha maji na kusubiri chuma kipoe, ni karibu saa nzima. Kituo chenye spekula 4 kinaweza kuona wanawake 4 kwa mzunguko, na wakati huo huo wodi ya wazazi inazitaka hizo hizo. Mwanamke wa 5 anaambiwa nini? Mnalijua neno.

Sasa uchunguzi wenyewe, ule wa siki. Wengine hapa mmeusikia kwenye kampeni lakini hamjaona unavyofanyika, na ni muhimu diwani auone maana ndipo atajua ananunua nini. Mtoa huduma anaweka spekula, anamulika kwa taa nzuri, anafuta ute, anapaka mlango wa kizazi siki ya asilimia 3 hadi 5 kwa pamba, kisha anasubiri dakika nzima, kwa saa ya mkononi, si kwa kukisia. Sehemu yenye mabadiliko huwa nyeupe, nyeupe nzito yenye kingo. Basi. Vifaa ni vichache hivyo, na ndiyo maana vinaharibiwa na vitu vidogo. Siki iliyochanganywa juzi haifai tena: mililita 5 za asidi kali ya asetiki kwenye mililita 95 za maji safi, inachanganywa asubuhi na inayobaki inamwagwa jioni. Taa hafifu inaficha weupe. Mtoa huduma anayeharakisha akaangalia baada ya sekunde 20 ataandika "hasi" kwa mama mgonjwa. Na kwa mama wa miaka 55, sehemu inayotakiwa kuonekana imesharudi ndani ya mfereji wa mlango wa kizazi, kwa hiyo jibu la "hasi" halimwambii kitu. Mama huyo akiwa anatoka damu, siki isimcheleweshe: apewe rufaa.

Akikutwa na weupe, inatakiwa atibiwe siku ile ile. Hiyo ndiyo maana ya "ona na tibu". Kwa miaka mingi tulitegemea mashine ya kugandisha: dakika 3 kuganda, 5 kuyeyuka, 3 kuganda tena. Inafanya kazi vizuri, ila inakula gesi, na mtungi ni mzito, unajazwa mjini, na unaisha bila kuaga. Gesi ikiisha, kituo kinaendelea kuchunguza huku hakitibu, na kwenye taarifa ya robo mwaka namba za waliochunguzwa zinapendeza. Sasa kuna kifaa cha kuchoma kwa joto, cha betri, cha ukubwa wa kushikwa mkononi: nyuzi 100 kwa sekunde 20 hadi 30, mara moja au zaidi kulingana na ukubwa wa weupe. Hakihitaji gesi, na kinaingia kwenye begi la pikipiki. Kwa jiografia ya Makete na Ludewa, hatuoni sababu ya halmashauri kununua mtungi mwingine. Wale ambao weupe wao ni mkubwa kupita robo tatu ya mlango wa kizazi, au unaingia ndani ya mfereji, hao ndio wapelekwe hospitali kukatwa kwa waya wa umeme.

Hapa Njombe kuna jambo la ziada. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima wa mkoa huu ni asilimia 12.7, ya juu kuliko mkoa wowote, wakati wastani wa taifa ni 4.4. Mwanamke anayeishi na VVU ana hatari ya saratani hii mara 6 ya mwingine, na kwake ile miaka 10 hadi 20 inaweza kufupika ikawa 5 hadi 10. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba aanze kuchunguzwa akiwa na miaka 25, wakati wengine huanza na 30. Mama huyu hatuna haja ya kumtafuta kwa kipaza sauti. Anakuja CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, mwenyewe kila baada ya miezi 3 au 6 kuchukua dawa, jina lake lipo, simu yake ipo, na msaidizi rika anapajua kwake. Akifika hatua ya 3 ya saratani akiwa na kadi ya CTC yenye mihuri yote, hakuna mtu mwenye haki ya kusema alichelewa kuja. Chumba cha uchunguzi kikiwa jengo la pili na kikifunguliwa Jumatano tu, na kliniki yake ni Jumatatu, tumemwambia "rudi" kila miezi 6 kwa miaka mingi.

Twende kwenye kinyama, kile kipande kinachokatwa ili kipimwe. Mwanamke akionekana na uvimbe au kidonda, huwezi kumpa mionzi kwa macho. Lazima kipande kikatwe kikasomwe na mtaalamu wa patholojia. Wataalamu hao ni wachache na wako hospitali kubwa, kwa hiyo kinyama kinasafiri, wakati mwingine kwa mkono wa kondakta wa basi. Na hapo ndipo umaskini wa kituo unaingia ndani ya chupa.

Kipande kinatakiwa kiingie kwenye fomalini ya asilimia 10, dawa ya kukihifadhi kisioze, mara kinapokatwa, na fomalini iwe walau mara 10 ya ujazo wa kipande. Fomalini ikiwa kidogo, nje inakauka na ndani inaoza. Kuna wanaoweka kwenye maji ya dripu kwa sababu fomalini imeisha, wakiamini "kitafika kesho". Kinafika keshokutwa, kimekuwa uji. Chupa iwe ya mdomo mpana, maana kipande kilicholoweka hukakamaa na hakitoki kwenye mdomo mwembamba bila kukatwa tena. Jina liandikwe kwenye tumbo la chupa. Likiandikwa kwenye kifuniko, siku vifuniko 2 vinavuliwa mezani pamoja, Mama A anapewa saratani ya Mama B. Fomu iandikwe umri, hali ya VVU, kilichoonekana, na namba ya simu inayopatikana, tena iwekwe ya jirani pia. Sampuli ikikataliwa kwa sababu yoyote kati ya hizi, mama anaitwa kukatwa upya. Na mwenye fedha? Yeye anabeba chupa yake mwenyewe mpaka maabara binafsi, analipa, na baada ya siku chache ana majibu kwenye simu. Wa kwetu anasubiri wiki, na kuna wanaosubiri miezi. Uvimbe haujui foleni.

Kutoka hapa, njia inakwenda Dar es Salaam. Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyopewa hadhi hiyo kwa sheria ya 1996 katika majengo ya hospitali ya Wajerumani ya 1897, kwa muda mrefu ilikuwa mahali pekee pa mionzi kwa mgonjwa wa kawaida nchi nzima, hadi Bugando kule Mwanza ikaanza. Kwa mtu wa Njombe, Ocean Road ni karibu kilomita 700 za barabara.

Tiba yenyewe kwa ugonjwa uliosogea: mionzi ya nje takriban mara 25, siku 5 kwa wiki kwa wiki 5, sisiplatini mara moja kila wiki, kisha mionzi ya ndani mara kadhaa. Yote yaishe ndani ya wiki 8. Namba hiyo ya 8 si ya kupamba. Baada ya wiki ya 3 au ya 4 seli za saratani zilizobaki huongeza kasi ya kugawanyika, na kila siku inayozidi wiki 8 hupunguza uwezekano wa kuudhibiti ugonjwa kwa karibu nusu asilimia hadi asilimia 1. Siku 20 za kukatiza kwa ajili ya msiba au nauli zinaweza kula sehemu kubwa ya faida aliyoifuata.

Kwa sera, mgonjwa asiye na uwezo hapaswi kudaiwa fedha za matibabu ya saratani. Sera hiyo ni njema na tusiibeze. Lakini pigeni hesabu ya vile ambavyo msamaha haugusi. Tuseme nauli ni 40,000 kwa mtu, mgonjwa na msindikizaji, kwenda na kurudi: 160,000. Tuseme siku 60 kwa jumla, pamoja na vipimo na kusubiri zamu: chumba cha 10,000 kwa usiku ni 600,000, chakula cha watu 2 kwa 5,000 kila mmoja kwa siku ni 600,000. Jumla 1,360,000 kabla ya kipimo kimoja cha nje. CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ile ya 30,000 kwa kaya ya watu 6, iliishia hospitali ya rufaa ya mkoa, yaani ilifika tamati mahali saratani inapoanza kutibiwa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imekuja kurekebisha mambo kama hayo. Hata ikitekelezwa yote, hailipi chumba wala nauli. Na kama siku 60 hizo zimeangukia Novemba na Desemba, mvua za kupandia zimempita; kaya itakosa mahindi mwaka ujao. Mama anajua hesabu hiyo kuliko sisi. Anapoahirisha hadi "baada ya kupanda", amepima watoto na uvimbe, akachagua watoto.

Mwingine atasema, "si ana ndugu Dar?" Sawa, ana ndugu Mbagala. Wiki ya 2 au ya 3 ya mionzi ya nyonga, utumbo unalalamika na mgonjwa anaanza kuharisha. Sasa mwekeni ndani ya daladala ya asubuhi kutoka Mbagala, amesimama, foleni, akifika Posta atembee. Kila siku. Akikosa Jumanne na Alhamisi, faili litaandika "hakuhudhuria".

Kuchelewa kunamwondolea pia silaha. Uvimbe ukisogea pembeni unabana mirija ya mkojo, figo zinafeli, na mwenye figo mbovu hapewi sisiplatini. Damu inayotoka kwa miezi inashusha himoglobini; ikiwa chini ya 10 mionzi inafanya kazi vibaya, maana seli iliyokosa oksijeni ni ngumu kuuawa na mionzi. Inabidi aongezewe damu, na mara nyingi ndugu wanaombwa kuchangia. Mwenye ukoo mjini analeta vijana 3 mchana huo huo. Aliyekuja na dada yake tu kutoka Ludewa anasubiri. Bila kipimo cha utajiri hata kimoja, idadi ya ndugu mjini imeshaamua nani anaanza tiba wiki hii.

Na mashine nazo zina hesabu zake. Mashine ya kobalti hutegemea chanzo cha mionzi kinachopungua nguvu nusu kila baada ya miaka 5 na miezi 3 hivi. Mgonjwa aliyelala dakika 2 chanzo kikiwa kipya, atalala dakika 4 kikizeeka, na foleni inakuwa mara 2 bila mgonjwa hata mmoja kuongezeka. Zile mpya zisizotumia chanzo zinataka umeme usiocheza, ubaridi na mkataba wa matengenezo. Uganda walionja jambo hili 2016: mashine yao pekee ya mionzi ya nje, ya kobalti, iliyosimikwa hospitali ya Mulago, Kampala, 1995, ilikufa, na ikapita zaidi ya mwaka mmoja na nusu kabla ya nyingine kushika kazi. Wenye uwezo walijipeleka Nairobi. Ugonjwa wa mashine nao huanza na maskini.

Msidhani haya ni ya Afrika peke yake. Harlem, mtaa wa New York, ni kilomita chache kutoka hospitali ambazo dunia nzima inazitamani. Daktari wa upasuaji Harold Freeman alipochambua wagonjwa 606 wa saratani ya matiti waliotibiwa Hospitali ya Harlem kati ya 1964 na 1986, nusu walikuwa wamefika hatua ya 3 na ya 4, na waliokuwa hai baada ya miaka 5 ni asilimia 39. Kliniki za uchunguzi za bure na za bei nafuu zilifunguliwa, na kuanzia 1990 akaongeza jambo ambalo halikuwa dawa: mtu wa kumsindikiza mgonjwa. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha anayeshukiwa kuwa na uvimbe anafika kwenye kipimo, majibu yanafika kwake, karatasi za bima zinajazwa, na tarehe haipiti. Kwa wagonjwa wa 1995 hadi 2000, asilimia 70 walikuwa hai baada ya miaka 5. Tuwe waungwana: dawa pia zilikuwa zimeboreka katika miaka hiyo, kwa hiyo si kila kitu ni kazi ya wasindikizaji. Lakini dawa bora haimsaidii aliyepotea kati ya kinyama na majibu.

Hapa wasindikizaji tunao tayari, ila hatujawapa kazi hiyo. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anafuatilia wajawazito na wagonjwa wa kifua kikuu kwa daftari. Mpeni ukurasa mmoja wa nyongeza wenye safu 5: jina, tarehe ya kinyama, tarehe ya majibu, tarehe ya safari, tarehe ya kurudi. Safu ikikaa tupu wiki 3, anapiga simu kwa muuguzi wa wilaya. Muda wa maongezi wa mwezi wa mhudumu mmoja ni mdogo kuliko posho ya kikao kimoja, nasema hivi nikiwa mbele ya wanaopokea posho, mtanisamehe.

Kwenye chanjo sitakaa sana kwa sababu habari zake ni nzuri. Tanzania ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 14 mwaka 2018 kwa dozi 2, na 2024 tukahamia dozi 1 kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Moja ya tafiti zilizoipa dunia ujasiri wa dozi moja ilifanyika kwa majirani zetu Kenya. Uvumi wa "kufunga kizazi" bado upo, nao hujibiwa vizuri zaidi na mwalimu na mama mwenye binti aliyechanjwa kuliko bango. Ila angalieni nani anakosa. Chanjo inatolewa shuleni, na mkoa huu, pamoja na Iringa, umekuwa ukipeleka wasichana wadogo kufanya kazi za ndani mijini. Binti anayeondoka na miaka 12 hayupo kwenye daftari la mwalimu hapa, na kule Dar hakuna anayemwandikisha. Ndiye yule yule atakayekuwa mbali na kila huduma akifika 40. Sasa ni sindano moja, kwa hiyo sindano na iende kanisani, msikitini, sokoni na stendi, kabla basi halijaondoka.

Nimalizie upande ambao hauingii kwenye mabango. Wapo ambao leo wamechelewa kiasi cha kutopona, na wanakufa majumbani. Huko nako kuna matabaka. Mmoja anakufa akiwa amelala usingizi, mwingine anakufa akiuma shuka. Mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, hutengenezwa kwa poda na maji safi, ni ya bei ndogo, na wagonjwa wengi huanza na miligramu 2.5 hadi 5 kila baada ya saa 4, dozi ya usiku ikiwekwa mara mbili ili alale, pamoja na dawa ya kulainisha choo maana mofini hufunga tumbo. Uganda, ambako Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda 1993, tangu 2004 inawaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea huduma hiyo kuiandika. Kwetu mama wa kijijini anamaliza na panadoli kwa sababu mwenye ruhusa yuko mbali na kabati lenye kufuli halipo. Na harufu, ile inayofanya apewe chumba cha nje na sahani yake peke yake: vidonge vya flajili vilivyosagwa na kuwekwa ukeni, kwa maelekezo ya muuguzi, huikata ndani ya siku chache. Kidonge kile kile tulichompa mara 4 bila kumtazama.

Mko kwenye msimu wa kupitisha bajeti, na hatukuja na ombi la mashine ya mionzi. Hiyo ni ya Serikali Kuu na Wizara. Kwenye mapato ya ndani na mfuko wa pamoja wa afya kuna nafasi ya haya: kifaa kimoja cha kuchoma kwa joto kwa kila tarafa, kikiwa na betri ya akiba. Fomalini na chupa za mdomo mpana ziingizwe kwenye oda ya kila robo mwaka, zisinunuliwe mgonjwa akiwa mezani. Uchunguzi ufanyike siku ya kliniki ya CTC na siku ya mnada, sio Jumatano iliyochaguliwa kwa urahisi wetu. Mfuko wa nauli, hata wa wagonjwa 20 kwa mwaka, ulipwe mara tu majibu ya kinyama yanapotoka na sio baada ya barua 3 za watendaji. Ustawi wa jamii wana fomu ya kumtambua asiye na uwezo, tumieni hiyo hiyo.

Na kabla ya yote hayo, kazi ya kesho asubuhi, haihitaji kikao. Kila diwani apite zahanati na kituo cha afya cha kata yake, aombe stoo ifunguliwe, ahesabu spekula zinazofunga na kufunguka vizuri. Zikiwa chini ya 10, aandike namba hiyo kwenye karatasi na ailete Ijumaa kwa mganga mkuu. Aulize pia siki ya leo ilichanganywa saa ngapi.